Toleo la Pili

Kurasa kumi na nne, na pembeni mwa kila moja
wanataka herufi za mwanzo za jina langu.
Nikamwambia daktari kijana: niachie niende nayo nyumbani.
Sijawahi kusahihisha kazi mbele ya mwanafunzi.

Usiku huo, Chavakali, taa ya sola ikinikonyeza,
nikatoa kalamu nyekundu ya enzi za chaki
nikasoma.

“Madhara zingine hazijulikani.”
Nikakata. Nikaandika juu: mengine, hayajulikani.
Nikacheka peke yangu, umio ukaniadhibu.

“Faida kwako binafsi: huenda isiwepo.”
Hapo sikugusa kitu.
Miaka thelathini na sita ya kufundisha insha
sikuletewa sentensi iliyonyooka hivyo.
Mchungaji hakunyoosha hivyo. Wala yule wa mitishamba, Luanda,
aliyenila mbuzi wawili na jogoo wa mkwe.

“Unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu.”
Na mimi nilikuwa nikikata alama mbili
kwa kila jibu lisilo na sababu.

Kageha alifoka simuni: Mama, wamekufanya panya!
Panya haulizwi, mwanangu.
Mimi nimeulizwa, kurasa kumi na nne,
kwa Kiswahili kibovu,
lakini nimeulizwa.

Jumanne, Kisumu. Ghorofa ya pili, dirisha linatazama ziwa
lililomezwa na magugu hata ukadhani ni shamba la mtu.
Nesi Awuor analeta chupa iliyovishwa mfuko mweusi.
Ndani mna dawa, au maji ya chumvi.
Awuor hajui. Daktari hajui.
Kompyuta ya mahali fulani inajua, na haisemi.
Nimesimamia mitihani mingi; huu ndio wa kwanza
ambao hata msahihishaji amefichwa majibu.

Dawa haina jina bado. Ina herufi na tarakimu
kama bamba la pikipiki.
Nami ni Sifuri Tatu Moja.
Osewe wa Ahero ni Sifuri Mbili Tisa,
fundi wa redio, mkono wake mmoja ukishika kikombe cha uji
ambao humeza akiwa amefumba macho.

“Sifuri Tatu Moja, yako inawasha?”
“Inawasha mpaka kwapani. Yako?”
“Yangu kimya.”
Akautazama mfuko mweusi kama mtu anayetegea sikio mlangoni.
“Basi labda mimi ndiye niliyepewa maji.”

“Matokeo yanaweza kuwafaa watu wa baadaye.”
Hao nimewawaza sana, hasa saa za kutapika.
Nimemchagua mmoja. Hajazaliwa.
Amekaa jikoni kwa watu, anakata tonge,
anachovya mrenda, anameza,
anakata jingine huku akisimulia habari za mpira,
wala hajui kwamba amemeza.
Mjinga yule. Nampenda.

Mzunguko wa tano, kiti cha Osewe kilikuwa na mtu mwingine,
kofia yake magotini, anasoma mabango ya ukutani.
Sikuuliza.
Awuor alinitafuta mshipa muda mrefu kuliko kawaida
akaniambia mvua imenyesha Kano, barabara imekatika.
Nikasema, ndiyo, Machi hii.

Picha zangu zilirudi: uvimbe haujakua, haujapungua.
Daktari aliyasema hayo kwa uangalifu
kama anayebeba sufuria iliyojaa.
Kisha akatoa karatasi. Toleo la Tatu.
Sheria inataka nisaini upya, kila ukurasa.

Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa sita.
“Madhara mengine hayajulikani.”
Nikakaa nayo kidogo, sentensi yangu,
hayajulikani, imepigwa chapa, ina muhuri.

Nikafunua zaidi. Ukurasa wa tisa: “maumivu nyingi.”
Nikamwomba kalamu.
Akanipa ya bluu.

Nikamwambia, nyekundu.